Feni, Joto na Chumvi: Maisha ya Kompyuta Mwambaoni mwa Tanga

Kijiji cha Kigombe kipo ukingoni mwa Bahari ya Hindi, wilayani Muheza, kando ya barabara itokayo Tanga mjini kwenda Pangani. Upande mmoja kuna mikoko, ngalawa na nyavu. Upande wa pili kuna mashamba ya mkonge. Wataalamu wa viumbe wa nchi nyingi walilifahamu jina la Kigombe katika miaka ya 2000, wakati nyavu za wavuvi wa huko zilipowanasa silikanti, samaki wa kale ambaye hapo zamani wanasayansi waliamini kuwa ametoweka duniani pamoja na madinosauri. Tangu mwaka 2009 sehemu hiyo ya bahari imo katika hifadhi iliyopewa jina la samaki huyo. Makala haya, hata hivyo, hayahusu samaki. Yanahusu kitu kidogo kisichosifiwa na mtu, ambacho upepo wa bahari ile ile hukishambulia usiku na mchana: feni iliyomo ndani ya kisanduku cha umeme cha kompyuta.

Mkazi wa mwambao hahitaji kufundishwa kwamba upepo wa bahari hula chuma. Huona bawaba za milango zikivimba kutu, misumari ikilia machozi mekundu ukutani, na mnyororo wa baiskeli ukikakamaa baada ya majuma machache tu ya kutotumika. Kompyuta imeundwa kwa metali zile zile, nayo imeongezewa balaa moja zaidi: baiskeli husubiri upepo uifikie, lakini kompyuta huuvuta upepo huo kwa nguvu na kuupitisha tumboni mwake muda wote inapofanya kazi.

Na ichukuliwe kompyuta moja ya mezani katika ofisi ya shule ya sekondari ya mwambao. Humo yamo majina ya wanafunzi, alama za mitihani ya miaka kadhaa na orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne. Asubuhi moja karani anapoiwasha, sauti ya kukwaruza inasikika kutoka nyuma ya kasha, mithili ya jiwe linalosuguliwa juu ya bati. Baada ya dakika tano sauti inapungua, na karani anashukuru kwamba ugonjwa umepona. Kumbe haujapona. Majuma machache baadaye sauti hiyo haisikiki tena kabisa, kwa sababu feni imesimama; na siku ya pili au ya tatu kompyuta inazimika katikati ya kazi na kutoa harufu ya plastiki iliyoungua. Ili kuelewa kilichotokea, yafaa kuanza na joto.

Umeme unaotoka kwenye soketi ya ukutani ni mkondo geu wa volti 230, unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Sakiti za kompyuta haziwezi kuutumia umeme huo kama ulivyo. Zinahitaji mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kazi ya kuubadilisha hufanywa na kile kisanduku cha bati kilicho nyuma ya kasha, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kwanza diodi huugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Kisha transista huukatakata mkondo huo maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Transfoma ndogo huushusha. Na diodi nyingine huunyoosha tena. Katika kila hatua sehemu fulani ya nishati hupotea. Haipotei kwa maana ya kutoweka, kwani hilo haliwezekani, bali hugeuka kuwa joto.

Mfano mmoja utasaidia. Pawa saplai inayotoa wati 200, ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, huchota wati 250 kutoka ukutani. Wati 50 zilizobaki ni joto tupu ndani ya kisanduku kisichozidi ukubwa wa tofali. Joto hilo latosha kuendesha pasi ya kulehemu. Lisipoondolewa, halijoto ya ndani itapanda mpaka kitu fulani kiungue.

Kiasi gani cha hewa kinahitajika kuliondoa? Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kilo moja ya hewa huhitaji jouli 1000 hivi ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Ikiwa hewa inaingia kwa nyuzi 31, kama ilivyo kawaida mchana wa Februari mwambaoni, na inaruhusiwa kutoka kwa nyuzi 41, basi kila kilo itabeba jouli 10,000. Jouli 50 kwa sekunde zitahitaji gramu 5 za hewa kwa sekunde. Na kwa kuwa meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, jibu ni lita 4 na kidogo. Yaani kila baada ya sekunde tano hewa ya kujaza ndoo moja ya lita 20 hupita ndani ya kisanduku, pamoja na kila kilichomo ndani ya hewa hiyo.

Si kila mbunifu wa kompyuta aliipenda feni. Mwaka 1980 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta ya Apple III isiyo na feni, kwa kuwa Steve Jobs aliuchukia uvumi wake. Mashine hiyo ilipata sifa mbaya ya kuharibika, na joto likahesabiwa miongoni mwa sababu. Mwaka uliofuata kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ikiwa na pawa saplai ya wati 63.5 na feni ndani yake, na kompyuta nyingi za mezani zimefuata njia hiyo. Tanzania haikushiriki sana katika mabishano hayo. Uingizaji wa kompyuta ulikuwa umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1974, na mashine kubwa za enzi hizo zilihitaji chumba maalumu chenye kiyoyozi. Kompyuta ilipofika hatimaye katika shule na ofisi za vijijini, ilifika bila kiyoyozi. Feni ndiyo iliyobaki mlinzi pekee.

Feni yenyewe ni kifaa cha kupendeza kwa mwalimu wa fizikia. Mota ya mkondo mnyoofu inayochorwa katika vitabu vya shule ina koili inayozunguka katikati ya sumaku, na brashi za kaboni zinazogusa pete iliyogawanyika ili kuugeuza mkondo kila nusu ya mzunguko. Brashi hizo husuguana, hutoa cheche na huisha. Katika feni ya kompyuta mpango huo umepinduliwa. Sumaku, yenye umbo la pete, imebandikwa ndani ya kikombe kinachobeba mapanga, nayo ndiyo inayozunguka. Koili, ambazo kwa kawaida ni nne, zimetulia katikati. Hakuna brashi.

Ni nani basi anayejua wakati wa kuugeuza mkondo? Jibu lilipatikana mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, nchini Marekani, ambako Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi, alipitisha mkondo katika ukanda mwembamba wa dhahabu uliowekwa ndani ya uga wa sumaku, akagundua kwamba volteji ndogo hutokea ubavuni mwa ukanda huo. Kando ya koili za feni kimewekwa kipande kidogo cha nusukipitishi kinachotumia kanuni hiyo. Ncha ya kaskazini ya sumaku ikipita mbele yake, volteji huelekea upande mmoja. Ncha ya kusini ikipita, hugeuka. Transista hufuata ishara hiyo na kuubadilisha mkondo katika koili kwa wakati unaofaa. Panga likizuiwa, feni nyingi hukata mkondo zenyewe, kisha hujaribu tena baada ya sekunde chache. Kwa hiyo feni inayoonekana ikishtuka, ikitulia, kisha ikishtuka tena haikosi umeme. Inakosa uwezo wa kuzunguka, na hilo ni jambo jingine.

Umeme wa feni, kwa kweli, huharibika kwa nadra. Kinachokufa kwanza ni beringi. Feni za bei nafuu hutumia bushi ya shaba nyeusi iliyotengenezwa kwa unga wa metali ulioshindiliwa, yenye vitundu vidogo mno vilivyonyonya mafuta. Ekseli huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta hayo. Joto huyakausha taratibu, vumbi huyageuza kuwa uji, na hatimaye metali hugusa metali. Hapo ndipo ile sauti ya asubuhi inapoanza. Mafuta mazito yaliyolala usiku kucha hayatiririki. Kompyuta ikipata joto hulainika kidogo, na kelele hupungua. Karani wa mfano wetu alidanganywa na joto lenyewe. Feni za bei kubwa zaidi hutumia beringi za gololi, ambazo huvumilia joto kuliko bushi, lakini gololi ni chuma, na chuma mwambaoni kina adui wake.

Adui huyo anastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Mawimbi yakivunjika juu ya miamba na ufuko, matone madogo sana ya maji hurushwa hewani. Maji yake hukauka, na chembe za chumvi hubaki zikichukuliwa na upepo, hasa wakati wa kusi, upepo uvumao kutoka baharini kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Chembe hizo huingia madirishani na kufuata njia ya hewa mpaka ndani ya pawa saplai, ambako hutua juu ya mapanga, juu ya ekseli na juu ya sakiti.

Chumvi kavu haina madhara makubwa. Siri imo katika tarakimu moja: asilimia 75. Unyevuanga ukizidi kiasi hicho, chumvi ya mezani huanza kunyonya mvuke kutoka hewani mpaka iyeyuke kabisa na kuwa maji ya chumvi. Kila mama wa mwambao huijua hali hiyo kwa kuona kopo lake la chumvi likilowana bila kumwagiwa maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme na huharakisha kutu, na unyevuanga wa zaidi ya asilimia 75 ni jambo la kawaida katika usiku wa pwani ya Tanga.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Hudhaniwa kwamba kompyuta huchakaa inapofanya kazi, na hupumzika inapozimwa. Chumvi haiafiki. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevuanga wa asilimia 80 ikiingia ndani ya mashine inayofanya kazi na kupashwa mpaka nyuzi 40, unyevuanga wake hushuka hadi asilimia 41 hivi, ingawa kiasi cha mvuke hakikubadilika. Chumvi iliyomo hubaki kavu. Kompyuta ikizimwa jioni, hupoa. Unyevuanga wa ndani hulingana na ule wa chumbani. Na usiku wa manane chembe za chumvi hulowana juu ya ekseli na gololi. Kwa hiyo mashine inayodhurika zaidi ni ile iliyofungiwa ofisini muda wote wa likizo, dirisha likiwa limeelekea baharini.

Shule yoyote ya mwambao yaweza kulihakikisha jambo hili kwa vipimajoto viwili na kijiko cha chumvi. Balbu ya kipimajoto kimoja izungushiwe kitambaa kilicholowa. Kipimajoto kikavu kikionyesha nyuzi 26 na kile cha kitambaa nyuzi 24, jedwali litatoa unyevuanga wa karibu asilimia 85. Chumvi iwekwe juu ya kioo safi jioni, ipimwe kwa mizani ya maabara, ipimwe tena alfajiri. Sahani ya pili iwekwe juu ya kasha la kompyuta inayofanya kazi. Tofauti ya sahani hizo mbili itawaeleza wanafunzi mengi kuliko aya iliyotangulia.

Tiba moja ya kienyeji yahitaji kutajwa kwa ubaya wake. Wapo wanaoitia feni mafuta ya nazi, kwa kuwa yapo karibu. Mafuta ya nazi huganda yakifika nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai hufikia baridi hiyo. Feni huanza siku ikiwa imegandishwa na dawa yake. Mafuta ya cherehani ni afadhali. Tone moja au mawili chini ya kibandiko cha katikati huweza kuirudishia feni ya bushi miezi kadhaa ya uhai. Lakini ni mepesi, hupotea upesi, na hayawezi kuirudisha metali iliyokwisha kulika. Fundi mwaminifu humweleza mwenye mali kwamba amenunua muda tu.

Kabla ya kugusa chochote, hata hivyo, yapo maonyo yasiyofaa kufanyiwa mzaha. Mkondo geu wa volti 230 hufikia kilele cha volti 325, na kapasita kubwa ndani ya pawa saplai huhifadhi volteji ya kiasi hicho au zaidi. Plagi ikichomolewa, umeme huo waweza kubaki humo kwa dakika kadhaa, na iwapo rezista ya kuuondoa imeharibika, kwa muda mrefu zaidi. Unatosha kuua. Mwanafunzi asifungue kisanduku hicho kwa hali yoyote, wala mwalimu asiye na ujuzi wa kazi hiyo. Kufungua kasha la kompyuta iliyochomolewa ni sawa. Kufungua pawa saplai ni kazi ya fundi.

Mengi yaweza kugunduliwa kutoka nje. Kiganja kikiwekwa nyuma ya kasha kitahisi hewa vuguvugu ikitoka. Hewa ikiwa dhaifu na ya moto, ama feni inazunguka polepole, ama njia imezibwa na vumbi. Hewa isipotoka kabisa, mwanga wa tochi kupitia wavu utaonyesha kama mapanga yamesimama. Hata hapo hukumu isiharakishwe: baadhi ya pawa saplai za siku hizi zimeundwa ili feni isimame kwa makusudi wakati kazi ni ndogo, na kuanza joto linapopanda. Feni ikisimama huku bati la kisanduku likiwa la moto kiasi cha mkono kushindwa kutulia juu yake, kompyuta izimwe mara moja. Kuingiza kijiti wavuni ili kuisukuma feni ianze ni desturi mbaya. Hata ikianza, kesho itakwama mtu akiwa hayupo.

Vumbi likipulizwa kwa pampu ya upepo ya gereji, mapanga yazuiwe yasizunguke. Feni inayozungushwa na upepo huwa jenereta, na hutoa volteji kuelekea sakiti isiyoitarajia. Tena hupita mwendo ambao beringi yake iliundiwa. Maji yaliyojikusanya ndani ya tangi la pampu nayo yatolewe kwanza, la sivyo kompyuta itasafishwa kwa mvua.

Anayenunua feni mpya hupaswa kulinganisha upana, ambao mara nyingi ni milimeta 80 au 120, unene, volteji, mkondo ulioandikwa juu ya kibandiko na, muhimu sana, upande ambao hewa inaelekea. Feni iliyofungwa kinyumenyume huzunguka vizuri na kudanganya kila mtu. Wapo pia wanaopenda feni inayozunguka polepole kwa sababu ni kimya, nao hawakosei sana, maana nguvu inayohitajika hubadilika kwa kipeo cha tatu cha mwendo: mwendo ukipunguzwa nusu, nguvu hushuka hadi sehemu moja ya nane. Lakini hewa nayo hupungua nusu, na hesabu ya ndoo ilishaonyesha kwamba hewa hiyo ina kazi.

Gharama ya kuidharau feni huonekana kwenye kapasita. Kapasita za aina ya elektroliti hupoteza nusu ya uhai wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ile iliyoandikwa saa 2000 kwa nyuzi 105 yaweza kutarajiwa kuishi saa 32,000 kwa nyuzi 65, lakini saa 8000 tu kwa nyuzi 85. Katika shule itumiayo kompyuta saa 8 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, hiyo ni tofauti ya miaka 20 na miaka 5. Bei ya feni ni sehemu ndogo ya bei ya pawa saplai, na pawa saplai inayokufa vibaya huweza kuondoka na diski yenye alama zote za mitihani.

Kompyuta ya mwambaoni basi na iwekwe mezani badala ya sakafuni, mbali na dirisha la bahari, ikiachiwa nafasi ya shubiri moja nyuma. Kitambaa cha kuifunika kitumike baada ya mashine kupoa, kamwe si inapowaka. Wakati wa likizo iwashwe kwa saa moja au mbili kila juma, ili joto lake likaushe kilicholowana. Kabati lililofungwa vizuri lenye taa ndogo ya kutoa joto hufanya kazi hiyo hiyo.

Feni iliyokufa isitupwe. Ikishatolewa na fundi, haina hatari yoyote, na maabara ya shule yaweza kuijaribu kwa betri ya volti 12 kupitia fyuzi ndogo: waya mwekundu upande chanya, mweusi upande hasi. Feni ya ampea 0.15 hutumia wati 1.8 tu. Ikiwa na waya wa tatu, huo hutoa ishara mbili kwa kila mzunguko. Ishara 40 kwa sekunde zikihesabiwa kwenye kifaa cha kupimia, feni inazunguka mara 1200 kwa dakika. Ikigoma kabisa, kikombe cha mapanga hung'olewa kwa kutoa kipete kidogo cha plastiki chini ya kibandiko. Ndani yake mwanafunzi ataziona koili nne, pete ya sumaku, na juu ya ekseli, ikiwa feni ilitumika Kigombe au jirani zake, mstari mwembamba wa kutu pale ambapo mafuta yalikoma.